Siku Kikosi Changu Kilipoondoka

Katika chuo cha maafisa nilijulikana kwa mkono wangu wa kushoto. Niliporuka wavuni, mpira ulishuka upande wa pili kama jiwe, na hata wakufunzi waliotutesa asubuhi walisimama jioni kunishangilia. Niliamini nikishavalishwa nyota begani, voliboli itabaki chuoni. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na mimi nilitaka kuwa afisa kama maafisa wengine.

Nilipewa kikosi kidogo katika kambi moja hapa Kigali, wengi wao watoto wa wakulima. Lakini mkuu wa kambi, meja mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa na timu yake, na timu ilinihitaji. Kila nilipowatoa askari wangu kwenda kulenga shabaha, tarishi alikuja mbio: mkuu ananiita mazoezini. Nikawa nawaacha na sajenti wangu, mtu mzima aliyezeekea jeshini. Siku moja nikatoa amri, nikaona wote wanamtazama yeye kwanza. Iliniuma.

Nikaenda kwa meja.

"Komanda, naomba unitoe kwenye timu. Askari wangu hawanijui."

Akacheka. "Maluteni ninao wengi. Mkono kama huo ninao mmoja."

Nyumbani Biryogo, mama naye hakunielewa. "Wenzako wanaletwa wamefunikwa mablanketi, wewe unapewa mpira uchezee, halafu unanuna? Sema alhamdulillahi, mwanangu."

Nikala wali wake kwa hasira, na hasira ikazidi kwa sababu wali ulikuwa mtamu.

Jumamosi moja tulicheza na timu ya raia huko Nyamirambo. Mechi ilikuwa ngumu, tukashinda seti ya mwisho, meja akanikumbatia na jasho langu lote. Niliporudi kambini, bweni la kikosi changu lilikuwa wazi. Vitanda vitupu, soksi moja sakafuni.

Nikamuuliza askari wa zamu getini.

"Wamepanda malori mchana, Luteni. Wameenda kaskazini. Afisa mwingine amewachukua."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

Akashangaa swali lenyewe. "Wewe ulikuwa kwenye mechi, Luteni."

Nikamkimbilia meja nikiwa bado na kaptura. Nikamwomba gari niwafuate.

"Jumamosi ijayo kuna fainali," alisema. "Kaoge, upumzike." Akafunga mlango polepole, bila hata kukasirika.

Wiki zilipita. Nikasikia koplo wangu mmoja amelazwa hospitalini, mguu umekatwa. Nilikwenda nikiwa nimejiandalia maneno njia nzima, ya kumweleza kwamba sikukimbia, kwamba sikujua. Nilipokaa kando ya kitanda, yeye akaniwahi.

"Luteni, siku ile mlishinda?"

Nilitafuta kejeli usoni mwake, sikuiona. Alitaka kujua kweli.

"Tulishinda," nikasema.

"Vizuri." Kisha akaanza kunitajia wasiorudi, akianzia kwa sajenti. Majina mawili sikuweza kuyapa sura. Niliitikia kwa kichwa tu, kana kwamba nawakumbuka.

Mechi iliyofuata nilifika uwanjani nimevaa sare na buti. Meja akaniamuru nibadilishe. Nikakataa, mbele ya wageni wake. Nilifungwa siku kadhaa kambini, na nilipotoka nikaambiwa nihamie bohari. Nikaomba kikosi, nikaomba tena kwa maandishi, nikaomba hata kufundisha kuruta. Jibu halikuja.

Nilibaki humo, nikigawa mablanketi na buti kwa maluteni wapya. Walikuja na askari wao nyuma, wakizungumza nao kwa majina, wakiniharakisha kwa sababu malori yalikuwa yanawasubiri. Nami niliwapimia buti, mmoja baada ya mwingine, nikawafungulia mlango wapite.