Mshipa wa Shingo

Mwalimu wetu alipohamishwa, darasa la wasaidizi wa mifugo pale Kisii lilibaki na wanafunzi tisa, ubao, na picha moja ya ng'ombe ukutani. Daktari wa mifugo wa wilaya alitueleza bila kuzunguka: mwalimu mwingine hakuna. Mwisho wa mwezi angekuja kutupima kazi ya kumtoa ng'ombe damu shingoni kwa sindano, ya kuchunguzwa ugonjwa. Tukishindwa, darasa lifungwe, kila mtu arudi kwao kulima.

Mimi sikuwa tayari kurudi. Nilikuwa nimeona ng'ombe wa mama wakifa mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kumwambia ni kwa nini. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Tuliikariri ile picha. Kisha tukaletewa ng'ombe hai, tukaaibika. Ng'ombe wa picha alitazama kushoto, huyu alitazama kulia, na mshipa hatukuuona. Mwenzangu akashauri tumgeuze. Tukamgeuza. Wapi!

Nikaondoka kwa hasira, nikatembea mpaka Masimba kwa mjomba wangu. Hakuwahi kushika kalamu, lakini tangu ujana alikuwa akiwatoa ng'ombe damu ya kunywa kwa mshale mfupi, na ng'ombe wakaendelea kula majani.

"Kumbe wasomi nao hukwama?" akanicheka nilipomweleza.

"Tumekwama, Mjomba. Nifundishe."

Akaacha kucheka. Alimfunga ng'ombe wake kamba shingoni, akaikaza, akanishika kidole na kukiweka juu ya shingo.

"Funga macho. Macho yako ndiyo yanakudanganya."

Mshipa ukavimba chini ya kidole changu, mnene, ukirudi kila nikiubonyeza.

"Haya, upande wa pili," akasema.

Nilirudi Kisii na ile kamba. Kila asubuhi niliwafanyisha wenzangu mazoezi wakiwa wamefumba macho. Walinung'unika, wakaniita bwana mkubwa. Sikujali.

Siku ya mtihani tulitoa damu wote tisa. Daktari akauliza nani alitufundisha, nikamwambia. Akasema darasa litaendelea, na kwa kuwa mwalimu hajapatikana, nitafundisha mimi. Mimi, mwenye miezi mitano ya masomo!

Niliogopa, lakini sikukataa. Wanafunzi wapya walipofika, niliibandua ile picha ukutani, nikampa kila mmoja kamba, tukashika njia ya Masimba kwa mwalimu wetu.