Uji wa Mjomba

Asubuhi moja niliondoka Mafiga bila mpango, miguu tu ikitaka njia. Nilipopita Mzumbe nikakaa kando ya barabara kutafuna ugali wa jana. Utafune taratibu, rafiki yangu, usiumeze upesi: utageuka mtamu mdomoni bila sukari. Utamu huo hunirudisha milimani, jikoni kwa bibi.

Asubuhi za kule zilinukia moshi na udongo mbichi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kumwangalia mjomba, aliyekuwa mgonjwa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye ukoo, na chakula chake hakiguswi. Siku moja alikula uji mzito kwa kijiko, akaishia nusu, akalala. Kijiko kikabaki bakulini. Bibi aliporudi kutoka shambani, akakuta uji majimaji.

"Umekula mzito, ukajazia maji!"

"Sikula, bibi."

"Basi nani? Paka anajua kujazia maji?"

Jirani aliyekuja kuomba moto akacheka. "Huyu mkono wake mrefu tangu azaliwe."

Nililia kwa hasira, si kwa kuogopa fimbo. Jina la mwizi wa chakula cha mjomba lingenifuata kila kilima. Nikakataa kuomba radhi. Nilishawahi kuona uji wa mtoto mchanga, ukiachwa na kijiko kilichotoka mdomoni mwake, unalegea vivyo hivyo. Nikachota uji vuguvugu sufuriani, nikaugawa mabakuli mawili, moja nikamsogezea bibi.

"Tema mate, bibi."

"We mtoto! Nitemee chakula?"

"Tema, kisha koroga. Nikiwa mwongo, nichape."

Jirani alijishika mbavu. Bibi akatema. Tukasubiri, yeye akichambua maharage kwenye ungo, jicho likiwa kwangu. Bakuli lenye mate likalegea, kijiko kikazama kama kwenye mchuzi. La pili likabaki zito.

Mjomba akasema kutoka kitandani, "Mwacheni. Aliyekula uji wangu ni mate yangu."

Shule niliiacha mapema. Yaliyobaki niliyasoma kwenye ukurasa wa kitabu uliofungiwa karanga: mate huvunja wanga kuwa sukari, sukari huingia kwenye damu, na mwili huichoma polepole kwa hewa tunayovuta, tukapata joto na nguvu. Wanaoniita mtoro wasikie: moto huo unawaka ndani yangu kama unavyowaka ndani ya profesa, na haukuniuliza cheti.

Bibi hayupo, mjomba hayupo, jirani alihamia mbali, na jiko limeota magugu. Anayejua kwamba sikula nimebaki mimi peke yangu. Sitaacha kusema.

Jua likielekea kushuka nikafika Mlali, nisikomjua mtu. Mama mmoja alikuwa akipanga nyanya kwenye tenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoroka wapi?"

"Sijatoroka, mama. Natembea tu. Naomba pa kulala usiku huu."

Akanitazama viatu, kisha usoni.

"Haya. Kama umesema unatembea, basi unatembea. Chumba cha uani kipo. Ingia."