Kiti cha Aliyetajwa

Katika studio ya redio ya mtaa, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, kilikuwepo kiti ambacho hakikukaliwa ovyo. Kilikuwa cha mbao, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko wenzake. Mtangazaji wa asubuhi alikileta kutoka nyumbani kwa marehemu baba yake. Kwa sababu ya kiti hicho watu walimwita Mama Kiti, naye hakuchukia.

Baba huyo alikuwa karani wa mahakama, mtu wa shati lililonyooka na maneno machache. Nyumbani kwake mtu hakusengenywa. Ukimtaja jirani kwa ubaya, mzee alimtuma mmoja wa wanawe akamwite, jirani akavutiwa kiti hicho, kisha wewe ukaambiwa, "Haya, rudia." Wengi waliyameza maneno yao pamoja na chai. Binti yake alipostaafu kufundisha ushonaji na kujitolea redioni, alihamia na kiti pamoja na sheria yake: anayelaumiwa hewani ataitwa, atakaa, atajibu. Muuza nyama alishakikalia. Mwalimu mkuu alishakikalia. Diwani alikikalia akatoka jasho hadi fundi mitambo akamwonea huruma, akamwashia feni.

Mwaka ule aliyetajwa kila asubuhi alikuwa kampuni ya mtandao. Serikali ilikuwa imechimba mitaro na kulaza mabomba ya kupitishia nyaya za faiba hadi upande wa machimboni, kwa kodi ya wananchi, kisha kampuni ikakabidhiwa funguo. Faiba ikaishia kwenye maghorofa. Huko machimboni watu waliendelea kununua bando linaloisha kabla ya salamu. Kikundi cha redio kilipoomba kupitisha waya wake kwenye mabomba hayo, kiunganishe zahanati, shule na studio, kampuni ilijibu kwamba yamejaa. Kikundi kikapeleka ombi lake kwa mamlaka ya mawasiliano.

"Yamejaa nini? Panya?" aliuliza kinyozi mmoja kwa simu, hewani.

"Aulizwe mwenyewe," akajibu Mama Kiti. "Kiti kipo."

Kampuni haikuja. Ilikuja ahadi: mtambo mpya wa kurushia matangazo, maana ule wa zamani ulikohoa kuliko mgonjwa wa pumu. Sharti lilikuwa moja, tena lilisemwa kwa tabasamu: malalamiko ya mtandao yapelekwe ofisini kwao, yasiende hewani.

Mwenyekiti wa kamati ya redio, mwanamume mpole, alimsihi Mama Kiti. "Dada yangu, mtambo ukifa tutatangazia nini? Midomo?"

"Na ukipona, midomo ikafungwa, tutatangaza nini, kaka?"

Kamati ikampa nafasi moja. Kampuni iletwe kitini kabla mamlaka ya mawasiliano haijaamua ombi la waya. Ikishindikana, mtambo upokelewe pamoja na sharti lake.

Safari hii kampuni ilikubali upesi mno. Asubuhi ya kipindi mlango ulifunguka, akaingia mhandisi wao, amevaa koti, macho chini. Alikuwa mkwe wake Mama Kiti, mume wa binti yake wa pekee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma wewe?"

"Wamenituma mimi."

Mama Kiti akaelewa. Walijua kwamba mkwe hahojiwi kama mwizi wa kuku, na kwamba mwanamke wa nyumba ile hatamvunjia heshima mume wa mwanawe mbele ya mtaa mzima. Angeuliza kwa adabu, angejibiwa kwa adabu, na mambo yangeishia hapo. Simu yake ikalia. Alikuwa binti yake. "Mama, tafadhali. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha."

Kwa kitambo alitamani kusingizia koo. Kisha akafungua kipaza sauti.

"Ndugu wasikilizaji, aliyekaa kwenye kiti leo ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu, nami nampenda. Mkwe na mama mkwe wana stara yao, kwa hiyo mimi sitamwuliza neno. Mtamwuliza ninyi."

Akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango.

Wa kwanza alikuwa kinyozi. "Mhandisi, kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba. Swali langu fupi: mabomba ya machimboni yamejaa?"

Mhandisi alikuwa amefundishwa jibu. Alijiweka sawa ili alitoe, kiti kikayumba chini yake. Alikijua kiti hicho. Alipokuja kuposa alikalishwa juu yake, na yule karani mzee, akiwa bado hai, alimwuliza jambo moja tu: "Wewe ni msema kweli?" Naye aliitikia ndiyo.

"Hayajajaa," akasema. "Ni matupu. Nimeyapima mwenyewe."

Simu ziliwaka zote. Muziki ulipowekwa, Mama Kiti akamletea maji.

"Mama, watanifukuza."

"Kunywa kwanza. Wakikufukuza, utatoka na jina lako."

Hawakumfukuza, maana kumfukuza mtu aliyesikika kila nyumba kungekuwa kutangaza upya. Walimhamishia stoo ya vifaa, na binti akamnunia mama yake, simu zikawa za "ndiyo" na "hapana." Lakini mamlaka ilituma wakaguzi. Walifunua mifuniko ya mitaro wakakuta maji ya mvua na vyura. Kinyozi akapiga simu kudai panya waitwe kitini, kwa kuwa walitajwa bure. Ikaamriwa kwamba mabomba yaliyolazwa kwa fedha za umma yafunguliwe kwa kila mwenye kibali, redio ya mtaa ikiwemo. Waya ukafika zahanati, kisha shule. Kampuni nayo ikagundua ghafla kwamba machimboni kuna wateja. Mtambo wa zamani bado unakohoa, ila kila anachokisema mtu kinasikika.

Jumapili moja mkwe alifika studio na mkewe, ameshika kipande cha mbao na gundi.

"Mama, niruhusu niutengeneze mguu huu. Siku ile nilidhani nitaanguka."

"Uache hivyo hivyo, baba," akasema Mama Kiti. "Kikitulia sana, mtu atasahau amekaa wapi."

Binti, aliyekuja akiwa bado amenuna, akacheka kabla hajakumbuka kununa.