Gambuti Nje ya Seli

Kama kuna mtu aliyezaliwa na swali mdomoni, ni Chepngeno. Kule Kedowa walimbandika jina la Mama Mbona, naye akalipokea kwa furaha. Mbona sadaka inahesabiwa mlango ukiwa umefungwa? Mbona bonasi ya majani chai ya wenzetu wa ng'ambo ya mto ni nono kuliko yetu? Akiinua mkono kwenye baraza la chifu, wazee walianza kutafuta kofia zao. Marehemu mumewe alikuwa akisema kuuliza si ujinga, ila mke wake alipitisha kipimo.

Tabia hiyo aliitoa zizini. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, ni mwiko. Mamake alimfundisha kusimama langoni jioni na kuwatazama wakiingia, mpaka macho yenyewe yamwambie ni nani hajarudi. Akazoea kuona kilichokosekana, na akishakiona, kunyamaza hawezi.

Kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye kituo cha polisi cha pale mlimani. Askari walimpenda kwa sababu maziwa yake hayakuwa na maji. Maswali yake hawakuyapenda. Ni Koplo Mogaka tu wa kaunta aliyemjibu bila kununa, na ndiye aliyemweleza kwamba anayeingia seli huvua viatu akaviacha koridoni, na akitoka huondoka navyo.

Basi Jumamosi moja polisi walifanya msako sokoni wakamzoa Noah, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye Chepngeno alimlea tangu akiwa mdogo. Wenzake walipanda gari kimya kimya. Noah akauliza anashikwa kwa kosa gani. Mdomo huo aliurithi kwa nani, soko zima lilijua, na Chepngeno alipoambiwa, moyo ulimuuma.

Jumapili alipeleka ugali na mboga, akarudishwa langoni. Jumatatu Mogaka, bila kumtazama usoni, akamwambia kijana amepelekwa Kericho. Akaenda Kericho. Kortini jina halikuwepo. Gerezani askari mmoja alitafuta kwa subira, akatafuta tena, kisha akamwambia pole mama, huyu hajafika hapa. Akarudi nyumbani amelowa mvua, na sasa aliogopa kweli. Redioni alikuwa amesikia kwamba mtu akishikwa, jamaa zake wana haki ya kujua yuko wapi. Alijiuliza hiyo haki mtu huichukulia dirisha gani.

Jumanne alipeleka maziwa kama kawaida. Alipokuwa akiyamimina kwenye sufuria ya askari, macho yalitoroka yenyewe hadi koridoni, kama yanavyofanya langoni mwa boma. Palikuwa na malapa, raba za kijana fulani, viatu vyeusi vilivyochoka. Na pale mwisho, gambuti za kijani, zile buti za mpira, moja ikiwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli alichokibandika yeye mwenyewe.

Akaweka mtungi chini.

"Koplo, Noah yuko wapi?"

"Mama, si nilikuambia jana? Tulimpeleka Kericho."

"Alienda bila viatu?"

Mogaka alifuata macho yake mpaka kwenye gambuti. Chepngeno hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akasema atamngoja mwenye viatu aje kuvichukua. Mama mwingine aliyekuja kumtafuta mumewe alisikia hayo, akainuka, naye akaanza kukagua viatu kimoja kimoja.

Mogaka alitazama mlango wa inspekta, mkubwa wake, ambao ulikuwa umefungwa. Halafu akachukua funguo bila kumuuliza mtu.

Noah alitoka ameshika ukuta. "Senge," alisema, ndivyo wanavyomwita shangazi. Yuko hai. Chepngeno alimshukuru Mungu kwa sauti, akamketisha kwenye benchi, akapiga magoti amvishe gambuti.

Mguu haukuingia. Akajaribu wa pili, nao ukakataa. Miguu ilikuwa imefura, na nyayo zilikuwa na alama za fimbo. Aliendelea kusukuma kidogo, kana kwamba kosa ni la kiatu, mpaka Noah akamshika mkono amwachie. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Mogaka," alisema akiwa bado amepiga magoti, na hakumwita koplo, "hii miguu ilikuja hapa ikiingia kwa hizi gambuti."

"Mama, usiniulize mimi."

"Sasa nikuulize nani?"

Koplo alitazama tena ule mlango. Kisha akavua kofia, akaja upande huu wa kaunta, akaketi kwenye benchi kando ya Noah, na akaanza kujibu.