Vioo Vyangu na Chokaa ya Tambuu

Harusi ya dada yangu ilipokaribia, nilitengeneza mtambo wa kuchora maua ya mwanga ukutani. Nilitoa mota mbili kwenye feni za kompyuta mbovu, kila moja nikaibandika kioo kidogo kilichoinama kidogo tu, ili mwale mwekundu wa leza uzunguke badala ya kutua mahali pamoja. Nikaviacha barazani, nyumbani kwetu Mkomani, gundi ikauke.

Shangazi zangu wakaja kuketi hapo kutafuna tambuu. Wao wakishapaka chokaa kwenye jani, hupangusa kidole kwenye chochote kilicho karibu: nguzo, mlango, mkeka. Safari hii walivipata vioo vyangu. Nilikuta michirizi ya chokaa iliyoganda pamoja na mate mekundu. Kinyaa kilinipanda. Na hao ndio waliotufunza usafi! Nikavisugua kwa hasira, vikakwaruzika.

Siku ya harusi, ukumbi umejaa wanawake, nikawasha. Badala ya maua, ukutani likazunguka doa jekundu lenye ukungu, kama tambuu iliyotemwa. Vigelegele vikapigwa.

"Mashaallah, mwanangu, mikono yako ina baraka," shangazi mkubwa akaniambia, huku akipangusa kidole kwenye mtambo.