Maneno ya Mtangazaji Niliyoyaficha

Miaka ile ya kuelekea uhuru nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Buteba, na kila Jumamosi alasiri nilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyenituma. Nilikaa kwenye baraza la fundi cherehani mmoja pale Busia, upande wetu wa mpaka na Kenya, karibu na redio yake kubwa ya betri, nikiwatafsiria watu mpira. Mtangazaji alizungumza Kiingereza, watu walitaka Kiswahili, nami nilikuwa na vyote viwili.

Fundi mwenyewe alikuwa Msamia wa upande wa Kenya. Alivuka asubuhi na kurudi kwake jioni, na siku hizo mpaka haukumsumbua mtu. Watu walikuja wakitoka sokoni, wauza dagaa wa omena na vikapu vyao vitupu, na mama yangu akaja na kigoda chake kutoka nyumbani. Sauti ya redio ilikuja na kupotea, kama mtu anayezungumza huku akitembea ng'ambo ya mto. Ilipofifia nilifumba macho. Sikuwahi kufika kwenye uwanja wa mji mkuu, lakini niliuona: nyasi, mistari ya chokaa, na winga wa kushoto amesimama peke yake pembeni, ametulia, kama anayemngoja mtu waliyeahidiana.

Winga huyo alikuwa kaka yangu. Kabla ya kuchaguliwa timu ya taifa alifanya kazi kwenye machimbo ya Osukuru, na watu wasiomjua hawakuamini nikiwaambia kwamba hakuwa na mbio. Alikuwa mtu wa kutazama. Angemsoma beki nusu saa nzima, ajue ni mguu gani anaouamini, ndipo amwendee. Nyumbani alipanga punje za mahindi mkekani, akizisogeza moja moja bila kusema neno, mpaka mama amnyang'anye mkeka aanike mihogo.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru ikaja timu ya kutembelea kutoka Ulaya. Mtangazaji alikuwa Mzungu. Wageni wakipeana pasi tatu, alisema wamepanga vizuri. Wetu wakipeana pasi tatu, alisema wana bahati leo. Hayo nilikuwa nimeyazoea, nikiyaruka kama dimbwi la njiani.

Kipindi cha pili kaka akafunga. Sijafungua kinywa, mtangazaji akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kijana yule hakufikiri, alikimbia tu kama mnyama aliyeona moto. Akacheka kidogo. Kisha akaongeza kwamba watu wasiojua kupanga mabeki wao, yeye haelewi watapangaje serikali.

"Anasema nini, mwalimu?" fundi akauliza.

Mama alikuwa ameniinulia uso.

"Ni goli," nikasema. "Anasema hajawahi kuona kijana mwenye akili kama huyu."

Baraza zima likapiga vigelegele. Mama akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Wiki ile nilitembea kama ndotoni. Nilifundisha, nikasahihisha madaftari, lakini popote nilipopita nilisikia maneno yangu yakirudi kwangu. Mama aliyapeleka kisimani na kanisani. Jirani mmoja aliniambia kwamba Mzungu wa redio ni mtu mzuri sana, anatupenda.

Jumamosi iliyofuata kaka akaja, kwa treni mpaka Tororo, kisha kwa basi. Mama alimpokea kwa maneno yale yale. Tulipokuwa tunakwenda Busia kwa miguu, mama akiwa mbele kidogo na kigoda chake, kaka akaniuliza polepole, "Alisema hivyo kweli?"

"Hapana, kaka."

"Najua. Tuliambiwa jioni ile ile."

"Niliogopa kumuumiza mama."

"Mama amezika mume na watoto wawili. Neno la redio litamfanya nini?" Akapunguza mwendo ili mama asitusikie. "Ukilificha, mdogo wangu, Mzungu yule anaendelea kulisema, na sisi tunaendelea kumpigia vigelegele."

Siku hiyo, kabla mpira haujaanza, nikasimama mbele ya watu nikayasema yote: mnyama, moto, serikali. Mguu wa fundi ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Mwanamke mmoja muuza omena akauliza, "Na sisi tulimshangilia?" Nikaomba msamaha.

Mama hakunitazama, akamgeukia kaka. "Basi wewe utuambie. Hilo goli ulilifungaje?"

Kaka akamwomba fundi kopo la vifungo. Akavipanga kwenye meza ya kukatia, vyeusi sisi, vyeupe wageni. Nguo zilizotundikwa mlangoni zilikuwa zikipepea, na mwanga wa alasiri ukapita katikati yake, ukawa unacheza juu ya vifungo vile mpaka nikaona kama vinatembea vyenyewe.

"Huyu beki," kaka akasema, "anajua kugeukia kulia tu. Nikamwacha anizoee. Mara tatu nikapita nje, nikaupoteza mpira makusudi. Mara ya nne nikaingia ndani."

Mama akaweka kidole juu ya kifungo cheusi, akakisukuma taratibu. "Hapa?"

"Hapo hapo, mama."

Uhuru ukaja. Tukapata mtangazaji wetu, mwenzetu mweusi, naye pia akitangaza kwa Kiingereza, na siku ya kwanza kumsikia nililia. Alitaja akili ya wachezaji, alitaja mipango yao. Kweli, alianza kwa kuwasifu wakubwa waliokaa jukwaani, akawasifu mpaka goli likafungwa naye hajamaliza vyeo. Tulicheka, tukamsamehe.

Kisha tukacheza na Kenya. Kaka hakuwemo, goti lilikuwa limemharibikia. Mchezo ukawa mkali, tukafungwa goli, na mtangazaji wetu akakasirika. Akasema Wakenya ni watu wa fujo tangu kuzaliwa. Akasema wanavuka mpaka kuja kula kazi zetu, na kuchukua kisicho chao ndiyo desturi yao.

Nikaacha kutafsiri. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza la Mkenya, nikisikiliza redio ya Mkenya.

"Mwalimu," fundi akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "ya yule Mzungu uliyasema yote. Na ya huyu yaseme yote. Usinipunguzie."

Nikasema, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Mama akainuka, akahamisha kigoda chake, akaketi kando ya cherehani, na akaanza kumshikia fundi kitambaa kisiburute chini. Wakashona hivyo mpaka mpira ukaisha.

Niliwaandikia barua watu wa redio, kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote. Baada ya miezi likaja jibu la mstari mmoja, wakinishukuru kwa kusikiliza.

Fundi baadaye aliihamishia cherehani yake upande wa Kenya. Alisema hana hasira, ila wateja wamepungua. Nadhani yote mawili yalikuwa kweli kidogo. Sisi tukamfuata huko Jumamosi, mama na kigoda chake, nami nikaendelea kutafsiri kwa njia mpya: kwanza nasema alivyosema mtangazaji, halafu, kando, nasema ninavyodhani mimi mchezo umekwenda. Watu walizoea kuzitenganisha sauti hizo mbili. Kaka alipata kazi ya kufundisha mpira pale Kiyeyi, na huko, nasikia, aliwakataza vijana kukimbia mpaka wameeleza kwanza wanakimbilia nini.

Mama alizeeka na tabia moja aliyoipata kwenye baraza lile. Ukimletea habari yoyote, ya redio au ya jirani, alikuacha umalize, kisha akauliza, "Hilo amelisema yeye, au wewe umeliona?"