Mtoto asiyehesabu watu na mwalimu aliyemngoja

Saa moja na nusu asubuhi, mtaa wa Pasiansi. Mwalimu Odeta Machibya amechuchumaa mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, macho yake usawa na ya watoto. Kila anayefika anamshika mkono, anaitikia shikamoo yake, anamfuta kamasi kama zipo, kisha anamwacha aingie.

"Nikimshika mkono najua kama amelala, kama amekula, kama nyumbani kuna ugomvi," anasema. "Hizo a, e, i, o, u zitakuja. Mwenye njaa humfundishi kitu."

Anafundisha chekechea hapa tangu 1983. Mshahara wake ni ada za wazazi, shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi wakilipa wote, nao hawajawahi kulipa wote. Mwandishi huyu ana watoto wawili na huishiwa subira kabla ya chai. Mwalimu Odeta ana thelathini na wawili, na asubuhi nzima hakupandisha sauti.

Mwaka huu wa 1996 nusura aikose kazi hiyo. Shule za binafsi zinafunguliwa mjini kila kukicha, na kuingia darasa la kwanza huko ni kwa usaili.

"Sisi tulipitishwa mkono juu ya kichwa tushike sikio la upande wa pili," anacheka. "Ukilifikia, umekua, nenda shule. Siku hizi sikio halitoshi."

Septemba, watoto wake sita walikwenda kusailiwa. Watano walipita. Queen, mwenye miaka sita, alirudishwa na jibu kwamba hajui kuhesabu. Baba yake, Maige Ngosha, anayeviuzia viwanda sangara na ambaye ni mwenyekiti wa wazazi, aliwaka. Aliitisha kikao Jumamosi kwa hoja moja: chekechea iwe na mitihani kila mwezi, au aletwe mwalimu mwingine.

"Sikuwa na uhakika kama Baba Queen amekosea," anasema Mwalimu Odeta. "Nilijiuliza, labda kweli mtoto huyu nimemchelewesha, nacheza naye tu. Iliniuma sana."

Alimwomba Maige jambo moja. Kabla ya kikao, aje akae asubuhi moja kwenye benchi la watoto. Maige alikuja Alhamisi, akakaa, magoti yakikaribia kidevu.

Saa ya uji, Queen alitumwa vikombe vya watoto wa mkeka wake. Aliwatazama wenzake, akaenda jikoni, akarudi na beseni la vikombe. Kila mtoto alipata kikombe, na kimoja kikabaki. Akampelekea baba yake.

"Umejuaje vitatosha?" Maige alimuuliza.

"Nimehesabu vikombe."

"Sasa mbona kule kwenye usaili hukuhesabu?"

Queen aliangalia chini. "Waliniuliza nyumbani tuko wangapi. Bibi alisema watu hawahesabiwi."

Bibi huyo ni mama mzazi wa Maige, anaishi Magu. Katika ukoo wao, watu na ng'ombe hawatajwi kwa idadi, wasije wakapungua. Maige ana pikapu na simu ya mezani, lakini mpaka leo ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakuambia wapo.

"Hata mimi wangenifelisha," anasema, na hacheki.

Jumamosi aliiondoa hoja yake mwenyewe. Wazazi walikubaliana kupokezana lile benchi, mmoja kila wiki, na Mwalimu Odeta akabaki na watoto wake. Queen bado hajapata nafasi. Shule ile imesema itamwita tena Januari.

Mwalimu Odeta hapingi watoto kupimwa. Mpango wake ni kwenda na Queen siku hiyo, akiwa na mfuko wa vizibo vya soda vya kuhesabia, awaombe wasaili wakae naye chini kwanza.

"Wamzoee, naye awazoee, ndipo waulize," anasema. "Mtoto wa miaka sita ukimpima siku moja, umeipima ile siku tu."

Mlangoni foleni imekwisha. Anasimama, anajinyoosha mgongo na kumgeukia Queen.

"Wenzako wametimia?"

Mtoto anazungusha macho ukumbini taratibu, sura moja baada ya nyingine, midomo imefumbwa.

"Bado Elias," anasema.

Mwalimu Odeta anachuchumaa tena.